Kabla ya Krimu, Kivuli

Ukikaa kidogo kwenye soko la Kipkelion utaona kina mama na kina dada wengi wenye mabaka ya kahawia kwenye mashavu, juu ya mdomo na katikati ya paji la uso. Wengi wao wameshagharamika. Wamepanda matatu hadi Kericho, Nakuru au Kisumu, wakanunua krimu za bei, wengine wakalipia hata matibabu ya asidi ya kuondoa tabaka la juu la ngozi. Uso ukatakata mwezi mmoja, miwili. Wakarudi shambani, na mabaka yakarudi palepale, pengine meusi kuliko mwanzo. Hapo husemwa kwamba dawa ilikuwa feki, au daktari alikuwa mwongo. Mara nyingi dawa ilikuwa sawa kabisa. Kilichokosekana ni kazi ambayo hakuna kliniki inayoweza kukufanyia, nayo ni kuukinga na kuutunza uso kila siku, kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada ya dawa.

Ninamwandikia mtu aliyeanza matibabu ya mabaka, au anayeweka pesa akingoja bonasi ya chai ili aanze. Ninataka pesa hizo zisipotee.

Mabaka haya madaktari huyaita melazma. Chini ya tabaka la juu la ngozi zipo seli zinazotengeneza rangi, na kwa mwenye melazma seli hizo zimekuwa nyepesi kuchokozeka. Mwanga, joto, homoni za ujauzito au za dawa za kupanga uzazi, msuguano wa kitambaa, hata sabuni kali: kila kimoja huzifanya zimwage rangi zaidi ya kawaida. Dawa huzituliza kwa muda, lakini tabia yake inabaki. Anayekuahidi kuing'oa melazma isirudi tena anakuuzia ndoto.

Sasa fikiria tunapoishi. Kipkelion iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na nyanda hizi za chai ziko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10. Maana yake ni kwamba mchuma chai wa kwetu, aliyejifunika sweta kwa sababu ya baridi ya asubuhi, anapigwa na miale mikali kuliko mvuvi wa Mombasa anayetokwa jasho. Baridi yetu inatudanganya, na mawingu vilevile, kwa kuwa wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Mvua yenyewe hupenda kunyesha alasiri, baada ya mtu kumaliza saa zake za kazi akiwa wazi juani.

Wapo wanaosema mafuta ya kujikinga na jua ni ya Wazungu na ya watu wenye ulemavu wa ngozi. Ni kweli ndugu zetu wenye ualbino wanayahitaji kuliko yeyote, kwa sababu kwao ni suala la saratani. Kule Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC kinatengeneza mafuta yao maalumu yaitwayo KiliSun. Lakini ngozi nyeusi, pamoja na kinga yake ya asili dhidi ya kuungua, haina kinga dhidi ya mabaka. Tena imebainika kwamba kwa ngozi zetu hata mwanga wa kawaida, ule tunaouona kwa macho, huzidisha melazma, na mafuta meupe ya kawaida hayauzuii vizuri. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile inayoyapa mafuta au foundesheni rangi ya kahawia. Kwa hiyo ukienda dukani ulizia mafuta ya kujikinga na jua yenye rangi ya kahawia, kinga ya namba 30 kwenda juu, na yaandikwe kwamba yanazuia miale ya urujuanimno ya aina zote mbili, UVA na UVB. Ukikosa, paka yale meupe kisha juu yake foundesheni ya kahawia inayolingana na uso wako. Hilo pia hukuondolea ule weupe kama majivu unaowafanya wengi wayaache mafuta haya baada ya siku mbili.

Kabla hatujaenda mbali, hakikisha unachotibu ni melazma kweli. Chunusi huacha alama nyeusi moja moja pale zilipokuwa, na alama hizo haziondoki kama chunusi zenyewe zinaendelea. Kuna baka la mviringo, jeusi lenye kuelekea zambarau, mara nyingi mdomoni au usoni, linalowasha na kuiva upya kila unapomeza dawa fulani, hasa dawa za jamii ya salfa kama Septrini. Hilo linataka uache dawa hiyo, na umwambie daktari ili akupe nyingine. Shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, nenda ukapimwe sukari. Doa lililofifia lisilohisi mguso wala joto halihusiani kabisa na urembo, ni la kupelekwa hospitali mapema. Si lazima uanzie kwa daktari bingwa wa ngozi, maana ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kenya ina maafisa wa kliniki waliosomea magonjwa ya ngozi, na baadhi ya hospitali za kaunti huwa na siku ya kliniki ya ngozi. Uliza siku hiyo kwa simu kabla ya kulipa nauli.

Turudi kwenye kivuli, maana hapa ndipo matibabu mengi hufia.

Chukua siku ya kawaida ya mchuma chai. Anaamka giza halijatoka, anawasha moto, anapika chai, anatoka na kikapu mgongoni na leso kichwani. Leso huzuia vumbi na umande kwenye nywele, lakini haimpi shavu kivuli hata kidogo. Anachohitaji ni kofia yenye ukingo wa upana wa vidole vinne au zaidi, kuzunguka pande zote. Kepu ya kampeni hukinga paji la uso na kuacha mashavu, na mashavu ndiyo yenye mabaka. Funga leso, kisha vaa kofia juu yake; upepo hautaichukua.

Mafuta ya jua yapakwe robo saa kabla ya kutoka. Kipimo ni mistari miwili ya mafuta, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka mwanzo wa kidole hadi ncha, kwa uso na shingo. Watu hupaka tone dogo ili tiubu ikae, na tone hilo halikingi kitu. Baada ya saa mbili hivi nguvu yake imepungua, na zaidi ukiwa umetoka jasho. Sijui mchuma chai atakayesimama katikati ya mistari kila saa mbili akajipaka, na siwezi kumshauri mtu jambo ambalo hatalifanya. Ila upo wakati mmoja ambao kila mtu husimama, nao ni wakati wa kupeleka majani kupimwa. Weka tiubu mfukoni mwa sweta, si kwenye mfuko ulioanikwa juani. Osha mikono kwanza, kwa sababu utomvu wa chai unaoganda vidoleni si wa kupeleka usoni. Futa jasho kwa kubonyeza kitambaa safi taratibu, kisha jipake. Na hiyo tabia ya kupangusa uso kwa mkono wa sweta wenye utomvu, kwa nguvu, mara ishirini kwa siku, iache kabisa. Msuguano peke yake hutia ngozi weusi.

Anayekaa dukani, ofisini au kiti cha mbele cha matatu asidhani amesalimika. Kioo cha kawaida hupitisha ile miale inayotia mabaka. Wanaume waendesha boda boda nao wamo: melazma huwapata wanawake zaidi, lakini mwanamume anayeshinda njia ya Londiani na Fort Ternan uso wazi hupata vilevile.

Kisha kuna moto. Hili husemwa kidogo, na kwetu ni kubwa. Joto lenyewe, hata bila jua, huchokoza melazma. Mama anayepika kwa kuni mara tatu kwa siku, ameinamia mafiga na kupuliza moto, anauchoma uso wake taratibu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwokaji mandazi na kwa mfanyakazi wa kiwandani anayesimama karibu na tanuri au mashine za kukaushia majani. Ukiweza kupata jiko lililojengewa, lenye bomba la kutoa moshi, uso wako utashukuru na mapafu pia. Ukishindwa, tumia bomba refu la bati la kupulizia badala ya kuinamisha uso, sogeza kigoda nyuma, na usiketi ukiota moto jioni huku mashavu yakielekea makaa.

Ukishaweka hayo mahali pake, dawa sasa zina kazi ya kufanya. Anayejua kazi yake huanza na zile za upole. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni mojawapo ya zinazofaa sana kwa ngozi nyeusi, husaidia chunusi na mabaka kwa pamoja, na huweza kutumiwa hata na mjamzito. Niasinamaidi na vitamini C ni nyepesi zaidi, za kusaidiana na nyingine. Retinoidi hupakwa usiku, huharakisha ngozi kujibadili, lakini ni marufuku kwa mjamzito, na mwanzoni huwasha. Anza usiku mmoja baada ya kila mbili, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwa kuwa ngozi iliyobabuka hutoa weusi mpya juu ya ule unaoutibu. Haidrokwinoni ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na daktari anaweza kukuandikia kwa miezi mitatu au minne, pengine ikiwa imechanganywa na retinoidi na steroidi hafifu, kisha akaipumzisha. Kwa usimamizi ni dawa. Ukijinunulia mwenyewe na kuitumia miaka, huweza kuleta ule weusi wa kibuluu, wenye vipele kama punje, ambao daktari mmoja wa Afrika Kusini aliueleza mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu kali za haidrokwinoni. Weusi huo karibu hauna tiba. Zipo pia tembe za asidi traneksamiki, ambazo huwasaidia baadhi ya watu, ila huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Aliyewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda, au anayemeza tembe za uzazi wa mpango zenye estrojeni, asizimeze bila daktari kujua.

Iwapo mabaka yalianza baada ya kuanza tembe za kupanga uzazi au sindano ya miezi mitatu, usiziache kimyakimya ukapata mimba usiyoipanga. Nenda kliniki useme wazi: mabaka yameanza tangu nianze njia hii, nina njia gani nyingine? Koili ya shaba haina homoni hata kidogo. Aliye mjamzito asubiri ajifungue ndipo afikirie dawa kali. Kofia, mafuta ya jua yenye zinki, na uvumilivu. Kwa wengine mabaka hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Matibabu ya asidi, yanayofanywa kliniki na siku hizi hata kwenye saluni, yanaweza kusaidia pale dawa za kupaka zimefikia ukomo. Kwa ngozi yetu yawe ya juujuu tu, na yafanywe na mtu aliyesomea. Uliza bila haya: ni asidi gani, asilimia ngapi, umewahi kuwafanyia watu wa rangi yangu, na nikiungua utanifanyia nini? Mwambie akujaribu kwanza nyuma ya sikio. Mweleze kama unapata vidonda vya homa mdomoni. Acha retinoidi siku kadhaa kabla, na usinyoe wala kung'oa nywele za uso wiki hiyo. Kikubwa zaidi, panga siku. Baada ya asidi ngozi mpya inataka wiki mbili za kukwepa jua na moto, kwa hiyo usiende Jumamosi ukategemea kurudi shambani Jumatatu. Panga wiki ambazo mwenzako au binti mkubwa atashika jiko nawe una kazi ya ndani. Kama huwezi kuzipata wiki hizo mbili, usifanye kwa sasa, na mtoa huduma mwaminifu atakuambia hivyohivyo. Leza nayo ina hatari ya kuacha mabaka meusi zaidi kwenye ngozi nyeusi. Iwe ya mwisho kabisa, na kwa bingwa.

Sasa mkorogo, yaani krimu na sabuni za kujichubua. Ninajua bonasi ikiingia wachuuzi nao huingia, na meza zinajaa sabuni na krimu zenye picha za wanawake weupe. Ninawaomba mnisikilize hapa. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zikivuja protini. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hiyo ni Nairobi, zaidi ya miaka 50 iliyopita, na bidhaa hizo bado zinapita mipakani. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, limezipiga marufuku, na mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana huko Geneva kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome kufikia 2025. Lakini mkataba haukai sokoni kukagua mifuko ya wachuuzi. Zebaki haina harufu na haiwashi, tena hufanya kazi haraka, ndiyo maana inapendwa. Krimu ikikung'arisha kwa wiki moja, itilie shaka. Kopo lisilo na orodha ya viungo, lisilo na anwani ya aliyetengeneza wala alama ya ubora, usilinunue. Yenye namba ya kibali cha KEBS unaweza kuihakikisha kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Na kama umeshatumia, na asubuhi uso au miguu inavimba, au mkojo unatoa povu jingi, nenda zahanati ukapimwe mkojo. Ni kipimo kidogo cha kijiti, majibu hutoka papo hapo. Beba na hilo kopo.

Zile tiubu ndogo za steroidi kali, za klobetasoli na betamethasoni, ambazo kemisti mwingine huuza bila karatasi ya daktari, hudanganya kwa namna nyingine. Uso hulainika na kung'aa wiki za mwanzo. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi na nywele huota, na ukijaribu kuacha uso unawaka. Aliyezitumia kwa miezi asiache ghafla peke yake. Aende apunguziwe taratibu. Hakuna mhudumu mzuri atakayekugombeza kwa hilo, na ukimpata wa kukugombeza, tafuta mwingine.

Tuseme sasa juu ya huko kung'aa kwenyewe. Uso unaong'aa ni uso laini, wenye unyevu na rangi moja, uwe mweusi wa namna gani. Lengo la matibabu ni rangi yako ya kawaida, ile iliyo upande wa ndani wa mkono wako, ienee usoni. Baridi na upepo wa huku hukausha ngozi, na ngozi kavu haiakisi mwanga, huonekana ya kijivu hata kama haina baka. Wengi wetu tunaosha uso kwa sabuni ya kipande, ileile ya kufulia, na maji ya moto, halafu tunasugua kwa taulo. Badili mambo hayo matatu kabla hujanunua kitu chochote. Sabuni laini isiyo na manukato makali, maji ya uvuguvugu, na taulo ya kubonyeza. Paka mafuta uso ungali na unyevunyevu. Vaselini ya kawaida usiku, kiasi kidogo, inatosha kwa mwenye ngozi kavu. Mwenye chunusi atafute losheni nyepesi. Limau usilipeleke usoni: juisi yake ikikutana na jua huunguza na kuacha weusi. Dawa ya meno na magadi nazo zibaki jikoni na bafuni.

Na kuna chai yetu. Mwanamke aliyepungukiwa damu hupauka, na hakuna krimu ya kuficha hilo. Ukiwa unachoka haraka, unaona kizunguzungu, au hedhi yako ni nzito, pimwa damu. Chai ni fahari ya kwetu na sitamwambia mtu aiache, lakini ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Kula managu na saga zako na ugali, kisha ngoja saa moja hivi ndipo unywe chai. Kwa mjamzito anayemeza tembe za chuma, jambo hili lina uzito zaidi: azimeze kwa maji, mbali na kikombe cha chai.

Mabaka hufifia polepole mno kiasi kwamba anayejitazama kila asubuhi haoni tofauti, akakata tamaa wiki ya tano wakati dawa ndiyo kwanza inashika. Piga picha ya uso tarehe mosi ya kila mwezi, mlangoni palepale, saa ileile, bila poda. Linganisha za miezi mitatu. Kama kuna nafuu, mwambie daktari akupunguzie dawa kali akubakishie zile za upole, lakini kofia na mafuta ya jua usiviache hata uso ukiwa safi. Kama hakuna nafuu na umejikinga kweli kweli, beba simu yako na kila tiubu uliyotumia, pamoja na zile za kemisti na za sokoni, uziweke zote mezani kwa daktari, na umwombe aanze upya kwa kuangalia kama ni melazma.